Baiskeli ya gia ya kwanza kwa laki tatu, Kigoma: mpya au mtumba?

Mwanga_Kwetu

Wakuu, salaam. Natafuta baiskeli ya gia ya milimani, ndiyo ya kwanza. Bajeti ni 300,000 na haina nyongeza. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Siku nyingi ni mjini na Ujiji tu, lakini mara mbili kwa wiki nitapanda kupitia Mwandiga hadi Kalinzi, nyuma kuna mzigo wa kilo 15 hivi. Lami ipo, ila nikichepuka kuingia vijijini ni udongo mwekundu, na mvua zikishaanza ni utelezi mtupu. Urefu wangu sm 168, uzito kilo 70.

Kwa hela hiyo naona za aina mbili: mpya za bei nafuu zenye shokapu mbele na nyuma na breki za diski, au mitumba ya zamani isiyo na shokapu kabisa. Macho yanavutwa na hizo mpya. Nichukue ipi, na nikifika kwa muuzaji nikague nini?

Spana15

Karibu mkuu. Mzigo wako umeshajibu nusu ya swali. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma haina pa kufunga keria ya maana, kwa sababu kipande cha nyuma cha fremu kinapanda na kushuka, na keria inataka kushika sehemu mbili ambazo hazisogei. Watu hufunga ile ya kubana kwenye bomba la kiti. Hiyo ni ya mzigo mwepesi. Ukiweka kilo 15 kwenye barabara ya makorongo inalegea, inazunguka upande, na mzigo unaingia kwenye spoku.

Tena shokapu za bei ya chini ni springi tupu, hakuna kinachozuia zisirukeruke. Zinaongeza uzito, zinakula nguvu zako ukisimama kupanda mlima, na vumbi likishaingia kwenye maungio ya nyuma fremu inaanza kucheza. Spea za maungio hayo huzipati.

Chukua mtumba wa fremu ya chuma, foki ya mbele isiyo na shokapu, tairi za inchi 26, breki za V (zile za mikono miwili inayobana rimu kwa raba). Chuma kikipasuka, fundi yeyote wa kuchomelea anakirudisha. Aluminiamu inataka mashine yake na ufundi wake, na hata ikichomelewa sehemu ile inabaki dhaifu. Angalia kama fremu ina matundu ya bolti karibu na ekseli ya nyuma na mengine mawili juu chini ya kiti. Hapo ndipo keria inakaa.

Kuhusu saizi: kwa sm 168 tafuta fremu ya inchi 16 hadi 17, ukipima kutoka katikati ya krenki (mkono unaoshika pedali) hadi juu ya bomba la kiti, yaani sm 41 hadi 43. Simama umeipanua miguu juu ya bomba la juu, ibaki nafasi ya angalau sm 5. Fremu kubwa hairekebishiki, usidanganywe kwamba "utashusha kiti".

Hela igawe hivi: baiskeli isizidi 210,000, na 90,000 ibaki mfukoni kwa ajili ya cheni, raba za breki, waya, tyubu mbili, keria na grisi. Anayemaliza 300,000 yote dukani anapanda Kalinzi na breki za mtu mwingine.

Ipuli_Tabora

Naongezea kwenye magurudumu, maana huko ndiko watu wanaliwa hela.

Neno "26" peke yake halitoshi. Baiskeli za Kijapani za mjini, zile zenye kikapu, nyingi huwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ina kipenyo cha mm 590. Ya milimani huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.0, na kipenyo chake ni mm 559. Zote zinaitwa 26, lakini tairi ya moja haiingii kwa nyingine hata ulazimishe vipi. Ile ya 28 ya Phoenix ni 635, na ya 29 ni 622. Soma pembeni ya tairi, kuna tarakimu kama 50-559: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Unataka ya pili isomeke 559, kwa sababu ndiyo saizi ambayo baiskeli za milimani zilitumia kwa miaka mingi na tairi zake ndizo zimesambaa.

Nozeli nayo ina maana. Nene kama ya pikipiki ndiyo nzuri, unajaza upepo popote penye bodaboda. Ile nyembamba ya Ulaya inahitaji kichwa chake cha pampu, na rimu yake ina tundu dogo, hivyo ukitaka kuhamia tyubu ya nozeli nene lazima tundu litanuliwe kidogo na kulainishwa kingo. Lisipolainishwa linakata tyubu kwenye shina.

Huku Tabora adui ni mchanga na miiba ya migunga, kwenu ni tope na mawe, ila dawa inafanana: tairi pana, 1.95 hadi 2.1, yenye meno. Kwa uzito wako bila mzigo weka PSI (kipimo cha upepo) 35 mbele na 40 nyuma. Ukiwa na kilo 15 nyuma panda hadi 45. Kwenye mchanga mzito shusha hadi 25, lakini ukirudi kwenye mawe jaza tena, la sivyo rimu inabana tyubu kwenye jiwe na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, kosa ni upepo. Tundu moja mara nyingi ni mwiba, na mwiba wenyewe huenda bado umo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kitanasa pale ulipo. Kidole usitumie.

Kiraka kinachobanduka mara nyingi kiliharakishwa. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba eneo kubwa kuliko kiraka, subiri dakika 5 hadi isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza.

Kibirizi_Juu

Natofautiana kidogo na Spana15 kwenye breki. Kwa tope jekundu la Kalinzi na Manyovu, diski ina faida ya kweli. Raba za V zinafanya kazi kwenye rimu, na rimu ikishavaa tope, kila ukibana unaisaga kama msasa. Msimu mmoja wa mvua unaweza kumaliza raba, na misimu kadhaa inamaliza rimu yenyewe.

Spana15

Kibirizi_Juu, upo sahihi kuhusu tope, na kama bajeti ingekuwa mara mbili ningesema diski. Tatizo ni spea. Raba za V zinaingiliana karibu zote, bolti moja na nati, fundi wa Gungu anazo. Pedi za diski zina maumbo mengi mno na kila breki ina lake. Diski ya bei ya chini ikipinda kidogo tu inagusa kila mzunguko. Na za mtumba zinazotumia mafuta ndizo hatari zaidi: nyingine zinataka mafuta ya madini, nyingine mafuta ya breki ya DOT. Ukikosea, sili zinavimba na breki imekufa. Kwa laki tatu, V na kuosha rimu kwa maji kila ukirudi kutoka kwenye tope.

Mwanga_Kwetu, ukaguzi unauhitaji kwa mpangilio, kwa hiyo nenda mchana, na rula ya chuma ya sm 30.

Anza na fremu. Geuza baiskeli juu chini, futa vumbi, uangalie chini ya bomba kubwa linalotoka shingoni, kama sm 5 nyuma ya shingo. Rangi iliyokunjamana au yenye ufa wa mkato hapo maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Achana nayo, hata bei ishuke nusu. Angalia pia kwenye maungio ya krenki na pale bomba la kiti linapokutana na la juu.

Jaribu bomba la kiti: lipande na lishuke. La aluminiamu ndani ya fremu ya chuma huganda kwa kutu, na likiganda kiti hakitakufaa kamwe. Hakikisha baiskeli ina bomba lake lenyewe, kwa sababu vipenyo vinapishana kwa mm 0.2 na kupata linalolingana ni kazi.

Zungusha kila gurudumu ukitazama raba ya breki. Rimu ikiyumba chini ya mm 3 fundi anainyoosha kwa spoku. Ikiyumba zaidi, au kuna spoku mbili zilizokatika upande mmoja, hesabu rimu mpya. Kisha weka ukingo wa rula kwenye ubavu wa rimu unaoguswa na raba. Mwanga ukipita katikati, ubavu umeliwa na siku moja utapasuka upepo ukiwa umejaa. Hesabu spoku za nyuma: kwa mzigo, 36 ni bora kuliko 32.

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok" shingoni, gololi au vikombe vyake vimelegea au vimekwisha. Shika krenki zote mbili uzitingishe kwa ubavu. Zikicheza pamoja ni beringi ya katikati, ikicheza moja tu ni krenki yenyewe imelegea kwenye shafti, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu tundu la pembe nne likishatanuka halibani tena.

Mwisho cheni. Pima pingili 10 kamili, ya ndani na ya nje zikihesabiwa kama moja, kutoka ukingo wa pini hadi ukingo uleule wa pini ya mwisho. Mpya ni mm 254. Ikifika 255.5 inataka kubadilishwa. Ikipita 256.5, sproketi za nyuma nazo zimeshaliwa.

Mwanga_Kwetu

Asanteni sana wakuu. Nimekagua moja leo. Chuma, haina shokapu, tairi zimeandikwa 50-559, breki za V, fremu haina ufa, bomba la kiti linasogea, spoku 36 nyuma. Sproketi za mbele ni 28-38-48, nyuma ziko 7, kubwa ina meno 28. Cheni imesoma 257. Anataka 230,000. Itapanda Kalinzi kweli?

Spana15

Itapanda, ila si hivyo ilivyo. 28 mbele na 28 nyuma maana yake ukikanyaga mzunguko mmoja gurudumu nalo linazunguka mara moja, kama mita 2.07. Kwa mizunguko 60 kwa dakika ni kilomita 7.4 kwa saa. Ukiwa na mzigo kwenye mlima mkali huwezi kushika mwendo huo, utasimama kwenye pedali na magoti yatalalamika. Weka seti ya nyuma yenye sproketi kubwa ya meno 34, hapo mzunguko mmoja unakupa mita 1.7, kilomita 6.1 kwa saa kwa mizunguko ileile.

Cheni ya 257 ni hoja yako ya bei, muoneshe rula. Cheni na sproketi za nyuma lazima zibadilishwe pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Usivuke 200,000.

Kabla ya kununua hiyo seti ya 34, angalia mkono wa gia wa nyuma (ule unaohamisha na kuvuta cheni): nafasi kati ya vigurudumu viwili vidogo iwe sm 8 au zaidi. Mkono mfupi haumudu 34.

Ipuli_Tabora

Na ujue seti ni ya aina gani kabla hujaagiza. Zungusha sproketi kinyumenyume, tazama katikati pale pa kuingizia kifunguo. Kama pale katikati hapazunguki, seti nzima imekazwa kwa nyuzi kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kama panazunguka pamoja na sproketi, ni ile ya kuchomeka. Hazibadilishani. Ya nyuzi hujikaza yenyewe kila ukikanyaga, hivyo inataka kifunguo chake na spana ndefu. Fundi akishika tindo na nyundo, mzuie, ataharibu habu. Na hiyo ya nyuzi inaacha kipande kirefu cha ekseli bila beringi upande wa kulia, ndiyo maana ekseli zake hupinda kwenye mashimo. Ukiona mashimo, nyanyuka kwenye kiti.

Cheni nunua ya gia 6, 7 au 8, zinaingiliana. Ya Phoenix ni pana, inayumba kwenye sproketi na gia hazishiki vizuri. Urefu: ipitishe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye mkono wa gia, pale inapokutana ongeza pingili moja kamili, kata hapo. Ukiikata fupi, siku utakapoweka kubwa na kubwa kwa bahati mbaya mkono wa gia utavunjika.

Kibirizi_Juu

Ukibadilisha pedali: ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Huwa zimeandikwa L na R kwenye mhimili. Paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu, ndipo spana. Ikigoma kwa vidole imeingia mshazari, itoe uanze upya, maana krenki za bei hii nyingi ni za aluminiamu na nyuzi zake zikiliwa unanunua krenki nzima.