Makonstebo 10,000 wapya watalala wapi?

MwanaLaini:
Hamjambo nyote. Mwaka 2025 hapa Kenya habari zilikuwa ni makonstebo 10,000 tu, yaani polisi wapya wa cheo cha chini waliotakiwa kuajiriwa. Tume ya polisi na Inspekta Jenerali walivutana hadi kortini kuhusu nani mwenye haki ya kuwaajiri. Hilo nawaachia mawakili. Mimi nauliza: watalala wapi?

Nimezaliwa laini, yaani kwenye makazi ya polisi. Baba aliingia konstebo, akastaafu kopro. Chumba kilikuwa kimoja, familia mbili. Mama alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari juu ya mlango, akatundika leso tatu alizozishona pamoja, na huo ndio uliokuwa ukuta wetu. Upande wa pili aliishi konstebo mwenzake baba, mkewe na mtoto mchanga. Mtoto akilia saa nane usiku, sote macho. Baba akitoka doria alfajiri alivulia buti nje, akaingia na soksi asije akawaamsha wa upande ule. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nimesikia ugomvi wa ndoa ya watu ambao mtoto hapaswi kuusikia. Na askari huyo aliyelala kwa muda wa saa mbili tu ndiye aliyekabidhiwa bunduki asubuhi.

Sasa mpwa wangu anataka kujiunga. Ana alama ya D+ ya kidato cha nne, urefu anao, mbio anaziweza. Nimwambie nini?

Sajini Mstaafu:
Binti yangu, umenikumbusha mbali. Wakubwa hutaja kipimo cha askari mmoja kwa raia 450, na hesabu inaishia hapo. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu askari wapange nyumba uraiani kwa marupurupu ya nyumba. Ilisaidia mijini. Kwenye kambi za kaskazini, nyumba ya kupanga utaitoa wapi?

Na si malazi pekee. Novemba 2012, bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya askari 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa wametoka mafunzoni juzi tu. Mimi nimefunza vijana. Kuruta anajua kulenga shabaha. Kusoma bonde lenye adui kunataka miaka, tena kando ya mkubwa anayelijua. Ukileta 10,000 kwa mpigo, hao wakubwa wa kuwashika mkono wako wangapi?

Mama Mbuzi, Baringo:
Mnayosema ni kweli, lakini nyinyi mko mjini. Mwaka jana wezi wa mifugo walipochukua mbuzi wangu 31 nilitembea hadi kituoni tangu jogoo la kwanza. Nilikuta askari wawili. Mmoja hawezi kuacha ghala la silaha, na huyo wa pili angeenda peke yake? Aliniandikia OB, kile kitabu cha matukio, kwa mkono unaotetemeka, akaniambia, "Mama, pole." Sikumkasirikia. Nyumba zijengwe, ndiyo, lakini watu waje. Mbuzi hawangoji fundi.

Kuruta wa 2014:
Dada, mwambie mpwa wako asiuze kitu. Mimi Julai 2014 nilikimbia, nikapimwa meno, nikapewa barua. Baba alikuwa ameshauza ng'ombe wa maziwa ampe mtu aliyesema ana "njia". Oktoba Mahakama Kuu ikafuta zoezi zima la watu 10,000, kwa kesi ya IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, sababu ya hongo na kasoro nyingine. Aprili 2015, siku ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakiwa wameuawa, Rais akaamuru tuende mafunzoni. Nilipaka buti rangi usiku huo huo. Hatukwenda; amri ya korti ilibaki palepale. Barua bado ninayo. Ng'ombe hakurudi, na mtu wa njia simu yake haikushika tena.

MwanaLaini:
Asanteni sana. Mama Mbuzi, nimekusoma mara mbili, nakubali: watu waje. Lakini kila kambi watakayopelekwa ihesabiwe vyumba kabla ya gari la makuruta kufika.

Kuruta, pole ndugu yangu. Nimempigia mpwa wangu jioni hii, nikamsomea maneno yako yote. Ameapa hatatoa hata shilingi. Ameniuliza kama babu yake bado ana zile buti. Anazo, ziko chini ya kitanda, na leso moja ya mama ndiyo anayozifungia.