Vuli Pemba: joto la bahari lina maana gani kwa karafuu zangu?

MkarafuuWete: Assalamu alaykum ndugu zangu. Vuli ya 2023 nilianika karafuu kwenye majamvi manne uwanjani. Siku ya pili mvua ikapiga alasiri, tukakimbilia kukunja na wanangu, jamvi moja likalowa chapa. Kufikia Ijumaa karafuu zake zilishafanya ukungu mweupe kwenye vikonyo. Iliniuma sana. Sasa nasikia watu wanazungumzia joto la bahari. Linatuhusu vipi sisi wa visiwani?

Nahodha_Mkoani: Waalaykum salaam, kaka, pole sana. Linatuhusu moja kwa moja. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Sumatra kule Indonesia yakipoa, mawingu hujaa huku na vuli huwa nzito. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na huo 2023. Mambo yakigeuka, kama 2022, vuli huwa haba. El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, nayo huongeza, lakini mimi natazama bahari yetu kwanza.

BiMkubwaChake: Mwanangu, fuatilia utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya Oktoba. Ila huo ni wa msimu mzima, haukwambii Jumanne itanyesha. Kwa kuanika, sikiliza wa kila siku. Na turubai likae pembeni ya jamvi, si stoo.

MkarafuuWete: Ahsante bibi. Turubai nanunua kesho.