Wasichana wanajiandikisha wengi, baada ya miezi miwili uwanja mtupu. Tunakosea wapi?

Mwl_Bahi
Wakuu, habari za jioni. Ni shule ya kata, wilaya ya Bahi. Tuna mpira wa pete na soka la wasichana. Januari walijiandikisha 31, sasa wanaofika mazoezini ni 11. Mazoezi ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa 10 hadi saa 12 jioni, wavulana wakishapisha uwanja. Goli za pete ni miti tuliyochimbia. Mkuu wa shule ana fedha kidogo ya kuwatia moyo, na wazo lililopo ni jezi na zawadi ya mfungaji bora. Tuanzie hapo?

KochaPete
Mwalimu, jezi iache kwanza. Angalia saa. Ukimaliza saa 12, binti anayekaa kilomita nne anafika nyumbani saa 1 usiku, giza limeshaingia na ndoo za maji zinamsubiri. Mama yake atamkataza, na hakosei. Maliza saa 11 kamili. Siku nne zipunguze ziwe tatu, na katika siku mbili kati ya hizo tatu wasichana watangulie uwanjani, wavulana ndio wasubiri. Ratiba ibandikwe ubaoni na isainiwe na mkuu, la sivyo wiki ya pili wavulana watakuwa wamesharudi.

Halafu hiyo zawadi ya mfungaji bora. Kwenye pete wachezaji ni 7 na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji). Kwa hiyo watano umeshawaambia mapema kwamba hawatashinda kitu. GK (mlinda goli) anaweza kukata mipira kumi na jina lake lisitajwe popote. Weka daftari: mipira iliyokatwa, pasi zilizofika, makosa ya hatua (kutembea na mpira mkononi), mahudhurio. Anayeumwa au aliye kwenye siku zake na hajisikii kukimbia ndiye anashika kalamu au saa, hivyo hana sababu ya kubaki nyumbani. Ijumaa mstarini soma majina mawili, kila jina na kazi yake: "fulani, WD (mlinzi wa pembeni), amekata mipira sita Jumatano". Usisome "wamejitahidi wote", hilo halimgusi mtu.

Na 11 si wachache. Saba ndani, wanne akiba, una timu.

NesiWaShule
Naongeza mawili ambayo walimu wa kiume hawaulizi.

Kwanza, chumba cha kubadilishia chenye komeo kwa ndani, ndoo ya maji, na taulo za kike ambazo mwanafunzi anachukua bila kuomba. Kabati likiwa ofisini kwa mwalimu wa michezo haendi mtu. Bukta ziwe nyeusi au bluu iliyokoza. Bukta nyeupe ndiyo inayowaondoa wa kidato cha tatu. Ukipata fedha ya ziada, nunua sidiria za michezo kabla ya jezi.

Pili, magoti. Wasichana huumia kano za goti kuliko wavulana, na pete inazidisha kwa sababu kanuni ya hatua inamlazimisha mchezaji asimame ghafla akishadaka mpira. Dakika 15 za mwanzo zisiwe za kuzunguka uwanja tu. Waruke na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yaelekee mbele yalipo vidole vya miguu. Goti linaloingia ndani wakati wa kutua ndilo linalochanika, hata kama hakuna aliyemgusa. Mara 8, pumzika, rudia mara tatu. Kisha ndipo mpira.

Fundi_Chamwino
Hizo goli za miti zinapinda na mchwa anazila. Bomba la chuma huuzwa la mita 6. Unahitaji mita 3.05 juu ya ardhi na sentimita 60 chini, yaani 3.65, hivyo bomba moja linatoa goli moja na goli mbili ni mabomba mawili. Kipande kinachobaki mpe anayechomelea apunguze bei. Pete ikunjwe kwa nondo ya milimita 16, upana wa ndani sentimita 38, isogezwe mbele ya bomba sentimita 15. Udongo wetu wa kichanga unachukuliwa na upepo, basi kila muhula pima urefu upya. Wengi wanadhani mfungaji ameharibika, kumbe goli limeshapanda.

Uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25. Msitumie chokaa isiyozimwa kuchora mistari, inaunguza macho. Mbigili zing'olewe mwisho wa masika kabla hazijakauka, vinginevyo mipira mtaziba kila wiki.

Mdau_Kisasa
Yote sawa, lakini watoto wanahitaji kuona wa kwao. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia India 2022, na kwenye makundi waliifunga Ufaransa 2-1. Na wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa hapa Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa shule, Durban, 2023. Bandikeni picha zao darasani.

KochaPete
Mkuu, picha nzuri, ila picha haimrudishi nyumbani kabla ya giza.

Mwl_Bahi
Asanteni sana. Saa tunabadilisha wiki hii. Swali la mwisho: wazazi kadhaa Waislamu wanasema watoto wao hawatavaa bukta.

NesiWaShule
Wavae suruali ya kubana ndani ya sketi, au traki. Hijabu iwe ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, na ncha zichomekwe ndani ya fulana. FIFA iliruhusu rasmi tangu 2014. Kwenye pete, mwonyeshe mwamuzi kabla ya mchezo. Wazazi hao waite waone mazoezi siku moja, wakae upande wenye kivuli. Usiwatumie barua.