Naomba ushauri: mjadala wa vidonge vya kutoa mimba na maji taka, nimepangiwa upande nisioukubali

MtoWami: Wakuu, salaam. Nipo Texas nasoma uhandisi wa maji. Wiki ijayo tuna mjadala: je, jimbo limlazimishe daktari anayetoa mifepristoni (kidonge cha kutoa mimba) ampe mwanamke mfuko wa kukusanyia kinachotoka, urudishwe ukateketezwe kama taka za hospitali, ili mabaki ya dawa yasipite chooni hadi kwenye maji? Si hoja ya kubuni. Students for Life, kundi linalopinga utoaji mimba, waliipeleka FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2022, na majimbo kadhaa yameletewa miswada. Natakiwa kuunga mkono, na moyo unagoma. Nianzie wapi?

Dawa_Baridi: Anzia kwenye hesabu. Dozi ni miligramu 200. Guttmacher, taasisi ya utafiti wa afya ya uzazi, walikadiria mimba kama 640,000 zilizotolewa kwa dawa Marekani mwaka 2023. Zidisha: kilo 128. Gunia la mahindi na debe moja na nusu, kwa nchi nzima, mwaka mzima! Na FDA walishapima athari zake kwa mazingira mwaka 1996, hawakuona tishio la maana.

MtoWami: Mkuu, hapo umewasaidia wapinzani wangu 😂

NyukiWaTabora: Uchache usikutishe. Kule Ontario, Kanada, kuanzia 2001 watafiti walitia ziwani homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, aina moja ikakaribia kutoweka. Shikilia hapo. Ila hiyo ni homoni nyingine, usije ukadai ni mifepristoni, watakuvua nguo.

WakiliKijiweni: Mfuko utaandikwa jina la nani? Texas kutoa mimba ni marufuku karibu kabisa tangu 2022, vidonge vinakuja kwa posta. Nani atajipeleka mwenyewe na ushahidi mkononi? Halafu mimba zinazoharibika zenyewe zinapita choo hichohicho, mbona hazina mfuko? Mazingira hapo ni kanzu tu, ndani kuna sheria nyingine.

MtoWami: Basi nitageuza kidogo: jimbo lipime mabaki ya dawa zote kwenye mitambo ya maji taka, hii ikiwemo. Mwalimu akikataa narudi hapa kulia.

Dawa_Baridi: Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usiiache. Ndiyo iliyomaliza tumbusi wa India kupitia mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, hadi ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sisi huku tunaitafuna kama karanga.