Naombeni ushauri: ruta ya 5G itanifaa kurusha harusi laivu hapa Dar?

MpigaPicha_Tabata
Habari za jioni wakuu. Mimi nafanya video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar, sa hivi wateja wengi wanataka irushwe laivu ili ndugu walioko Muscat na Marekani waone, na hiyo ndo kazi inayoniingizia hela nzuri. Shida mtandao. Natumia 4G ya simu, ikifika saa mbili usiku ukumbi umejaa, picha inaganda inabaki sauti, juzi bibi yake bwana harusi yuko Muscat kakosa kumuona mjukuu wake akivishwa pete, iliniuma sana. Naona 5G inatangazwa kila kona, nataka ninunue ruta. Itanitatulia au ntatupa hela? Kumbi zangu nyingi ni Sinza, Mbezi na Kigamboni.

Fundi_wa_Minara
Pole mkuu. Kasi kubwa inayotangazwa ni ya kushusha (kupokea data), wewe kazi yako ni kupandisha (kutuma). 5G nyingi inakaa kwenye masafa ya karibu na 3500 MHz, na huko kushusha na kupandisha vinapokezana kwenye masafa yaleyale, ila muda mwingi anapewa anayeshusha maana watu wengi wanaangalia video, wanaorusha ni wachache. Kwahiyo ukipima spidi angalia namba ya kupandisha kwanza. Na ile gigabiti 20 kwa sekunde inayotajwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni kilele cha mnara hali ikiwa nzuri kabisa, halafu mnagawana wote mlio chini yake, wewe na wageni 400 walioshika simu ukumbini.

Lingine, masafa hayo hayapendi ukuta wa zege. Ruta ukiiweka nyuma ya jukwaa inaweza ikarudi 4G yenyewe. Iweke dirishani au nje kabisa, vuta waya mrefu mpaka kwenye laptop.

DadaMaabara
Naongezea kidogo, mimi niko kwenye kituo cha afya, tunatuma picha za eksirei kwa daktari bingwa. Eksirei moja ni makumi ya MB tu, 4G inatosha na wala hatuna haraka ya sekunde. Kazi yako kaka ni tofauti, we unahitaji mtandao utulie masaa matano mfululizo. Ningekuwa wewe ningeuliza inatulia kiasi gani, spidi baadae.

MpigaPicha_Tabata
Ahsante dada, ahsante fundi. Narusha 1080p (HD kamili), nimeseti megabiti 5 kwa sekunde. Sasa bando la namna gani?

Fundi_wa_Minara
Megabiti 5 kwa sekunde, ukirusha saa moja ni kama GB 2.25, sherehe ya masaa matano GB 11 na ushee. Hivyo bando sio tatizo kubwa, tatizo ni vile vifurushi vya "bila kikomo" ambavyo ukifika kiwango fulani wanakupunguzia kasi, soma masharti kabla hujalipa, na usilipie miezi mingi kwa mpigo. Azima simu ya 5G ya mtu, nenda ukumbini siku ya sherehe ya wengine, saa mbili usiku, pima ukiwa palepale utakapokaa na kamera. Ukiona kupandisha hakushuki chini ya megabiti 10 hapo nunua. Sinza naona una nafasi, 5G ipo Dar tangu 2022, ila Kigamboni usiamini ramani ya kwenye tovuti, pima.

KakaFaiba
Ukumbi unaokupa kazi mara kwa mara kaa na mwenye nao aweke faiba, mgawane gharama, hapo utalala usingizi. Lakini mjue hata faiba na 5G vyote vinatokea baharini, Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilipokatika nchi nzima tulihangaika, mnara uwe mpya namna gani. Tembea na laini ya kampuni nyingine kama akiba, na ukiona inaanza kuyumba shuka ubora wa 720p, megabiti 3, mapema usisubiri igande. Bibi wa Muscat picha ikififia kidogo havumilii? Atavumilia, kukatika ndo kunamuumiza.

MpigaPicha_Tabata
Nimeelewa wakuu. Jumamosi naenda kupima Mbezi, kuna jamaa ana sherehe pale na kaniruhusu. Fundi, huo waya wa kutoa ruta nje unaweza kufika mita ngapi bila kupoteza spidi?

Fundi_wa_Minara
Mita 100 haina shida, nunua waya wa mtandao wa Cat6 wa shaba tupu, hapo Kariakoo ziko feki nyingi za aluminiamu, kwangua ncha uone rangi.