Lisemwalo lipo? Mi nakataa, karibuni tubishane

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Kuna msemo wote tumekua nao, lisemwalo lipo na kama halipo laja, na mtu akichafuka jina huo ndo unatangulia mdomoni kabla hata hatujauliza kafanya nini. Mi naona ni uvivu tu. Jina, liwe la mtu, la nchi au la kampuni, mara nyingi linatoka kwa aliyewahi kusema, sio kwa mwenye kutenda.

Chukulia yale mafua ya 1918 yaliyoua mamilioni dunia nzima. Mpaka leo yanaitwa mafua ya Kihispania. Kosa la Hispania nini? Waliandika ukweli. Vita ya Kwanza ilikuwa inaendelea, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wanabana magazeti yao yasije yakavunja watu moyo, Hispania hawakuwa upande wowote kwa hiyo wao wakaandika kila kitu mpaka mfalme wao Alfonso wa 13 alipougua mwezi wa tano, sasa msomaji wa nje kila akifungua gazeti anaona ugonjwa uko Hispania tu. Wakati huo kwenye kambi ya jeshi huko Kansas, Marekani, askari walishaanza kuugua tangu mwezi wa tatu! Aliyesema ndo akabebeshwa mzigo. (Wahispania nao hawakuwa malaika, wao walikuwa wanamsukumia Mfaransa.) Shirika la Afya Duniani limekuja kutoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya sehemu mwaka 2015, karibu miaka mia imepita.

Haya, mtu sasa. Richard Jewell, mlinzi kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996. Usiku kaona begi chini ya benchi, kaita polisi, kasaidia kusogeza watu, bomu likalipuka, waliokufa wakawa wachache kuliko ambavyo ingekuwa. Siku mbili tatu ni shujaa, halafu magazeti yakaandika kwamba FBI inamchunguza yeye, basi, kamera zikahamia nyumbani kwa mama yake. Siku 88 baadaye akapewa barua kwamba sio mtuhumiwa. Aliyetega kweli alikuja kukiri mahakamani 2005. Nani kati yenu ataniambia lililosemwa kuhusu Jewell "lilikuwepo"?

Jibu

Mkuu umechambua vizuri ila umechagua wasio na hatia tu, hiyo ni kubishana na upepo. Njoo kwa Volkswagen. Septemba 2015 Wamarekani wanawafuma, magari ya dizeli yamewekwa programu inayojua gari likiwa linapimwa moshi, likipimwa linajifanya safi, likirudi barabarani linamwaga. Magari kama milioni 11 duniani. Nani aliwazushia hapo? Lilisemwa na lilikuwepo, kwenye injini kabisa. Watu wengi wenye jina baya wamelitafuta wenyewe kwa mikono yao miwili na wakishalipata ndo wanaanza oh nimechafuliwa.

Jibu

Mi nawasoma nyote nacheka kidogo. Haya, Volkswagen walikuwa waongo, jina likachafuka, halafu? Mwaka uliofuata tu, 2016, wakampita Toyota wakawa wa kwanza duniani kwa kuuza magari. Sasa weka pembeni ya Arthur Andersen, wale wakaguzi wa hesabu wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa hesabu za uongo. Juni 2002 wakatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, ile ishu ya kuchana nyaraka, wateja wakakimbia, kampuni ya watu kama 85,000 ikafa. 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua ile hukumu, majaji wote, hakuna hata mmoja aliyepinga. Kampuni iko wapi? Hamna. Kwa hiyo swali lenu la kweli au uongo halielezi kitu hapa, aliyedanganya amepona na ambaye hukumu yake imefutwa amezikwa.

Nikiangalia naona ni unauza nini. Anayeuza gari, mteja analiwasha, linaenda, moshi haumkai yeye kooni, anasamehe. Mkaguzi anauza sahihi yake. Hana kitu kingine dukani. Siku watu wakiitilia shaka sahihi hakuna cha kuwasha ili kuonyesha kwamba bado inafanya kazi.

Jibu

Hapo kwa Andersen usiwalilie sana ndugu. Mahakama haikusema ni wasafi, ilisema maelekezo waliyopewa wazee wa baraza yalikuwa mabovu, hivyo ni vitu viwili tofauti. Na 2001, kabla ya Enron kulipuka, walishalipa faini ya dola milioni 7 kwa hesabu za Waste Management, kampuni ya kuzoa taka waliyokuwa wanaikagua. Wateja hawakukimbia uvumi, walijumlisha. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mleta mada

Nakubali, hiyo ya faini nilikuwa sijaiweka akilini na inanipunguzia nguvu. Na ile ya sahihi imenikaa, naona hata mlinzi yuko kundi hilo hilo, kazi yake yote ni kuaminiwa, barua ya kumsafisha utaiwashaje watu waone?

Ila kwenye la msingi sirudi nyuma. Mnaongea kana kwamba watu wakisema wanakuwa wanapima. Angalia eBay, lile soko la mtandaoni, pale muuzaji na mnunuzi walikuwa wanapeana alama, ikafika mahali ukimpa muuzaji alama mbaya anakulipizia, watu wakaogopa wakawa wanamwaga sifa tu, mpaka 2008 kampuni ikawakataza wauzaji kumpa mnunuzi alama mbaya. Kwa hiyo hata sifa nzuri nyingine ni woga umevaa suti.

Na mnaosema ukweli mwisho unafika, nawapa mtihani mmoja. Jina la Jewell mmelisikia wengi hata kabla sijaandika. Bila kutafuta popote, nitajieni jina la yule aliyekiri kutega bomu.

Jibu

Eric Rudolph.

Mleta mada

Ulikuwa nalo kichwani?

Jibu

Hapana mkuu, nimetafuta.