Naomba ushauri: nikihama jarida, mhusika wangu wa katuni ni mali ya nani?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mimi ni mchora katuni wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na kwa miaka 6 nimekuwa nikipeleka ukurasa mmoja kila mwezi kwenye jarida ambalo naomba nisilitaje. Mhusika wangu, kondakta wa daladala ambaye hajawahi kuwa na chenji, amependwa kiasi kwamba nimemkuta kwenye kalenda ya jarida hilo bila kuambiwa wala kulipwa. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba anayelipia mchoro ndiye mwenye mchoro, ilhali hatujawahi kusaini karatasi yoyote. Jarida jingine linanihitaji. Je, naweza kuhama na kondakta wangu?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, mkuu. Wakili atakuuliza kwanza kama uliajiriwa, kwa kuwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi iliyofanywa ndani ya ajira huhesabiwa tofauti na ya mtu anayelipwa kwa ukurasa. Hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa, hata kabla ya kusajiliwa, lakini nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili, maana utahitaji ushahidi.

Mchangiaji wa pili:
Michoro halisi iko wapi? Miaka ya nyuma niliwaachia wahariri kurasa zangu za wino, na ofisi moja ilipohama zikatupwa pamoja na magazeti ya zamani. Siku hizi naskani kwa doti 600 kwa inchi na kupeleka nakala tu. Halafu saini iwe ndani ya fremu, iguse hata kiatu cha mhusika, kwa sababu ya pembeni hukatwa na mpanga kurasa. Wasomaji wa gazeti la Uhuru walimjua Chakubanga kuliko walivyomjua Christian Gregory aliyemchora, na sisi wengine hatuna hata umaarufu wake.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi nisingehama naye kwa sasa. Dai kwanza malipo ya kalenda kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lao ndilo litakaloonyesha wanasimamia nini.

Mleta mada:
Nawashukuru. Nimepekua sanduku na kuupata mchoro wa kwanza wa kondakta, wa penseli, nyuma ya risiti ya duka niliponunua wino. Tarehe ya risiti inasomeka, na ni miezi 4 kabla sijakanyaga ofisi ya jarida. Barua naiandika leo.